Nilimfuta Mama wa Rafiki Yangu Kwenye Kanda

Kosa ni langu. Naanza na hilo ili usije ukafika katikati ukaanza kunitafutia visingizio, maana visingizio vyote nimeshavitafuta mwenyewe na hakuna hata kimoja kilichosimama. Nililifanya kwa mikono yangu, mchana kweupe, akili timamu, kikombe cha chai kikiwa mezani.

Jina langu sitaliandika. Rafiki yangu nitamwita Lameki, ingawa silo jina lake. Mimi naishi Makambako, nina chumba cha studio nyuma ya duka la vipuri, narekodi kwaya na kufunga mziki kwenye harusi na misiba. Kama umewahi kuhudhuria shughuli huku kwetu, huenda umenisikia nikisema "moja, moja, tunajaribu" kwenye maiki. Ndiye huyo anayekuandikia.

Kwetu ni Mawengi, Ludewa. Mimi ni Mpangwa. Nilikuja Makambako kijana, nimemaliza shule, natafuta kazi yoyote, nikafikia kwa shangazi ambaye muda si mrefu alihama na mumewe, nikabaki na begi langu. Lameki nilimfahamu kanisani, kwenye kwaya ya vijana. Yeye alipiga gita, mimi nilibeba spika. Siku moja akanipeleka kwao, mtaa wa Lyamkena. Mama yake aliniangalia kuanzia viatu mpaka kichwa, akaniuliza kwa Kiswahili chake cha taratibu, "Umekula?"

Nikadanganya kwamba nimekula. Akanipakulia viazi na maharage, akasimama pale mpaka nikamaliza. Toka siku hiyo nikawa naishi kwake. Hakuna aliyenikaribisha rasmi na hakuna aliyeniambia niondoke.

Mama Lameki alikuwa anafanya usafi kwenye nyumba ya wageni kando ya barabara kuu, pale madereva wa malori walipokuwa wanalala. Dereva mmoja alisahau kanda chumbani, hakurudi kuifuata. Mama akaileta nyumbani ili mwanawe arekodie mahubiri juu yake. Lameki akaisikiliza kwanza. Ilikuwa roki. Gita zinalia kama mashine ya kupasulia mbao, na mtu anaimba kama amegombana na dunia nzima. Mahubiri hayakurekodiwa tena.

Kuanzia hapo kijana akawa hashikiki. Alitaka mlio ule ule, na vyombo hatukuwa navyo. Jumapili mchana tulikuwa tunaazima gita la kwaya, pamoja na spika moja iliyochanika ambayo hakuna mtu aliyeitaka kwa sababu ilikuwa inakwaruza. Lameki alipoisikia inavyokwaruza alicheka kwa furaha mpaka akakaa chini. Mwenzetu mwingine wa kwaya alishika besi. Mimi nilipewa ndoo tupu ya rangi na vijiti viwili vya mti wa muwati. Ndiyo bendi yenyewe hiyo, usicheke.

Nyimbo zilikuwa za Lameki, zingine kwa Kiswahili, zingine kwa Kibena, lugha ya kwao. Tulirekodia sebuleni. Redio kaseti tuliiweka juu ya kigoda katikati, tunabonyeza kitufe chekundu, tunaanza. Kila kitu kilikuwa kinaingia humo: mvua juu ya bati, kuku, honi ya treni kule stesheni, kikohozi cha mwenzetu wa besi. Na Mama.

Hapa nisikilize vizuri, kwa sababu habari yote ipo hapa.

Mama alikuwa akirudi kutoka kwenye kikundi cha akina mama wa kanisani, anaingia kwa mlango wa mbele, anasimama kizingitini, anasalimia. "Kamwene." Kwa Wabena salamu si kitu cha kupita nacho huku unaendelea na mambo yako. Mtu mzima akikusalimu, unasimama, unaitikia, unaulizwa za huko, unajibu. Unaweza kuwa katikati ya kiitikio, gita linaunguruma, jasho linakutoka, lakini Mama akisema "Kamwene", Lameki alikuwa analaza kiganja juu ya nyuzi, kimya, kisha wote tunasema, "Kamwene, mama."

Anatuuliza hali mmoja mmoja. Tunajibu. Halafu anasema "endeleeni", anapita jikoni, na sisi tunaendelea pale pale tulipoishia. Kanda inazunguka muda wote huo. Hatukurudia kurekodi, maana kanda tulikuwa tunazibania. Kwa hiyo karibu kila wimbo una shimo katikati, na ndani ya shimo kuna Mama anasalimia.

Mwenzetu wa besi alikuwa analalamika. "Mwambie Mama apitie nyuma siku tukirekodi."

"Mlango ni wake," Lameki akamjibu, na habari ikaishia hapo.

Ipo siku moja Mama alipoingia hakupita jikoni haraka. Alisimama akatusikiliza, halafu akasema jambo kwa Kibena. Wenzangu wakaangua kicheko, yule wa besi karibu aangushe gita. Mimi wakati ule Kibena sikijui, ila watu wakicheka nawe unacheka. Nikacheka kwa nguvu kuliko wote. Lameki akanishika bega, wimbo ukaendelea.

Baadaye nikamuuliza, "Mama alisemaje?"

"Kasema unapiga kwa nguvu," akanijibu. Nikaona ni sifa. Nikaongeza nguvu.

Miaka ikaenda. Lameki akaondoka kwenda Dar, akapata wenzake wa roki, wakaunda bendi. Wapenda roki hapa nchini si wengi, lakini wakikupenda wamekupenda. Akaanza kuitwa kwenye matamasha, mpaka nje ya nchi. Zile rekodi zetu za Lyamkena hakuzitoa kamwe. Siku anaondoka alinikabidhi zote. "Wewe ndiye mtunzaji," akaniambia. Nikazitia kwenye ndoo yangu ya rangi, nikafunga mfuniko.

Nilimsikia redioni akihojiwa. Akasema alianzia sebuleni kwa mama yake na rafiki mmoja aliyekuwa anapiga ndoo. Mtangazaji akacheka sana. Jina langu halikutajwa. Nitakuwa mwongo nikisema halikuniuma. Liliniuma kidogo siku ile, na kadiri siku zilivyokwenda likaniuma zaidi, mimi nikifunga waya kwenye maturubai ya watu.

Mama naye alipatwa na kiharusi muda mfupi baada ya mwanawe kuondoka. Alipona akatembea, lakini maneno hayakurudi. Simu wakati huo hazikuwa hizi za kurekodi kila kitu. Tulikuwa na simu za kupiga na kutuma ujumbe, basi. Ndugu zake wakamhamishia kijijini kwao, karibu na Ilembula, ili hospitali isiwe mbali. Akaishi huko miaka mingi bila sauti. Nilipokwenda kumwona, na sikwenda mara nyingi, aliinua mkono wa kushoto na midomo ikacheza, nikajua ananisalimia, nikaitikia. Wajukuu walizaliwa wakamkuta hivyo. Kwao Bibi ni mkono ulioinuliwa.

Alipofariki, Lameki alikuwa mbali, nje ya nchi. Alifika udongo umeshawekwa.

Siku zikapita, familia ikapanga ibada ya shukrani na kubariki kaburi. Lameki akanipigia simu.

"Kaka, zile kanda bado unazo?"

"Ninazo."

"Zote?"

"Zote. Zipo kwenye ndoo."

"Nataka watu wazisikie siku ya Mama. Ziingize kwenye kompyuta. Mimi sina moyo wa kuzisikiliza kabla. Wewe ziweke tu sawa."

Ziweke sawa. Ndugu msomaji, neno hilo ndilo lililonimaliza. Kwake lilikuwa na maana ya kuziandaa, kuzihakikisha zinalia. Kwangu mimi mtu wa studio, kuweka sawa ni kusafisha. Kwaya ikija kurekodi na mtu akakohoa, tunatoa. Mtoto akilia, tunatoa. Tunaita uchafu. Lakini usinionee huruma kwa sababu ya hilo neno, subiri nimalize.

Nikafunga mlango, nikavaa hedifoni, nikaanza kuingiza kanda moja moja. Mvua, nikaipunguza. Treni, nikaitoa. Kuku, nikamtoa. Halafu gita likanyamaza na sauti ya Mama ikaingia masikioni mwangu.

Mkono ulisita, nakiri. Sikuwa nimeisikia sauti ile tangu aanguke. Ilikuwa ya chini, yenye mkwaruzo kidogo, kama mtu aliyetoka kupanda mlima. Nikawaza, hii niiache. Nilikuwa nimeshaamua kuiacha, Mungu ananiona. Nikaweka kanda nyingine.

Nayo ndiyo ilikuwa kanda ya kile kicheko.

Siku hizi Kibena nakisikia. Mke wangu ni Mbena wa Njombe, na ukilala na kuamka na lugha lazima ikuingie. Kwa mara ya kwanza nikaelewa Mama alichosema. Alisema: huyu mtoto wa Kipangwa anapiga ndoo kama anafukuza nyani kwenye mahindi. Wenzangu wakacheka. Kukawa na neno jingine mwishoni ambalo sikulishika, halafu nikasikia kicheko changu. Kirefu, cha juu, cha mtu asiyejua kwamba anachekwa yeye.

Hicho kicheko changu ndicho kilichonivuruga. Nilikirudia nikakisikiliza tena. Nikaona miaka yote ile nilikuwa kichekesho cha sebule. Nikakumbuka yule mtangazaji wa redio na kicheko chake. Nikakumbuka Lameki alivyonishika bega, na nikaona kumbe alikuwa ananihurumia. Hasira iliyonipanda sina jinsi ya kuieleza. Ilikuwa hasira ya mtu mzima juu ya jambo la kitoto, na hiyo ndiyo mbaya.

Nikachagua kipande kile, nikakifuta.

Kisha nikajiambia, nikitoa hapa na kuacha pengine, nyimbo zitakuwa hazifanani. Nikarudi kanda ya kwanza, nikamtoa Mama. Nikaenda ya pili, nikamtoa. Kila alipoingia nilimtoa, nikaunganisha wimbo pande zote mbili, shimo likazibika. Moyoni nilikuwa nasema naziweka sawa, kama nilivyoagizwa. Halafu, na hapa unielewe mimi ni mtu wa namna gani, nikaifunika ile ndoo yangu kwa ngoma za kompyuta. Ngoma kubwa, safi, zinazokwenda na wakati. Nilitaka watu wajue kwamba mpiga ndoo naye anaweza.

Nikasevu juu ya faili zile zile. Kanda nikazimwaga nje kwenye shimo la taka, nikazitia moto mwenyewe. Sikutaka mtu yeyote aje asikie kicheko kile. Utepe ulijikunja ukatoa moshi mweusi, jirani akatoka kulalamika harufu. Nikamwambia ni kanda za kwaya za zamani, hazina kazi.

Unaweza kusema hukujua, ndugu yangu. Nilijua nusu. Nilijua ile ni sauti ya mtu aliyekufa na nilijua alikuwa amenilisha. Nusu niliyokuwa siijui ni kwamba hakuna sauti yake nyingine popote duniani, na hata hiyo ningeijua kama ningekaa nikafikiri hata kidogo.

Siku ya shukrani nilifika mapema kijijini kwao nikafunga spika. Baridi ilikuwa kali, watu wamejifunika vitenge mabegani. Mchungaji akabariki kaburi, msalaba ukafunuliwa, mashada yakawekwa. Lameki akasimama, hana gita, kavaa koti jeusi lililomzidi. Alikuwa amekonda. Akachukua maiki.

"Ninyi wajukuu zake hamjawahi kumsikia Bibi akiongea," akasema. "Mimi nilikuwa na kanda za ujana wangu. Nilizirekodi nyumbani, na Mama kila siku alikuwa anaingia anatusalimu katikati ya wimbo. Wenzangu walikuwa wanakasirika." Watu wakacheka kidogo. "Sikuzitoa hizo nyimbo kwa sababu nilipowaeleza waliotaka kuzitoa, walisema lazima Mama aondolewe. Nikakataa. Leo atawasalimu. Akisema Kamwene, tuitikie wote."

Nilikuwa nimesimama nyuma ya miksa. Nikashika meza.

Ningeweza kuchomoa waya nikasema umeme umekatika. Ningeweza kumwita pembeni. Nilikuwa na nafasi, si kwamba sikuwa nayo. Lameki akanitazama, akaitikia kwa kichwa kwamba tayari. Nikabonyeza.

Wimbo ukaanza. Sauti ya Lameki kijana, nyembamba, ile spika iliyochanika inakwaruza, na ngoma zangu mpya juu yake zinadunda kama za disko. Watu wakainamisha vichwa kusikiliza. Dada mkubwa wa marehemu, bibi mzee sana, alikaa kiti cha mbele kabisa. Nikamwona amejiweka vizuri, amefungua mdomo kabisa, tayari kuitikia.

Wimbo ukapita pale. Ukapita moja kwa moja mpaka ukaisha.

Ukaja wa pili, ukapita. Wa tatu. Yule bibi alikuwa bado ameukaza uso kwenye spika. Mwishowe akamgeukia mtu wa pembeni yake akauliza, kwa sauti ya mtu asiyesikia vizuri, kwa hiyo wote tulisikia, "Mbona haingii?"

Lameki akaja kwangu, anatembea taratibu. "Kaka, zingine?"

"Ndizo hizo."

"Mama je?"

Na mimi, mbele ya kaburi la mwanamke aliyenipa viazi, nikasema, "Kanda zilishika ukungu sehemu zile. Baridi ya huku unaijua. Nimejitahidi sana."

Akanitazama. Halafu akarudi kwenye maiki akawaambia watu wamsamehe, kanda ni za zamani, zimeharibika. Akanishukuru mimi kwa kuzitunza miaka yote hiyo. Watu wakanipigia makofi ya heshima, yale ya taratibu ya msibani. Chakula kilipopakuliwa niliona nikikataa watanishtukia, nikala.

Baada ya siku chache akaja studio. Nilimwona kupitia dirishani akivuka barabara, nikatamani nifunge mlango. Akaingia, akakaa kwenye kiti cha wateja.

"Nipe hizo kanda kama zilivyo," akasema. "Kuna watu Dar wanajua kuzifufua. Hata zikiwa na ukungu."

"Nilizitupa. Niliona hazifai."

Akatoa flashi mfukoni, ile niliyompa mimi yenye zile nyimbo, akaichomeka kwenye kompyuta yangu. Akatafuta wimbo mmoja, akausogeza mpaka katikati, akaongeza sauti.

Ndugu zangu, mimi naijua kazi yangu, lakini siku ile nilikuwa na hasira na mikono ya haraka. Pale nilipounganisha wimbo niliacha kipande. Kidogo sana, kati ya pigo na pigo, ngoma zimekifunika, lakini mtu mwenye masikio ya Lameki hafunikiwi. Sauti yake ya ujana, ikitangulia zetu, inasema, "...mwene, mama." Halafu gita linaendelea.

Akausimamisha. Akaurudisha. Tukasikia tena. "...mwene, mama."

"Hapa namjibu nani?" akaniuliza.

"Sijui," nikasema.

"Ukungu umekula salamu ya Mama, ukaliacha jibu langu?"

Nikainama nikawa nakunja waya ambazo zilikuwa zimekunjwa tayari. Sikuinua uso. Alikaa pale muda, pengine akinisubiri, na kama ningelisema wakati ule, yote, na kicheko na nyani na moto, labda angenipiga, labda angelia, lakini angekuwa na mtu wa kumpiga. Nilikunja waya. Akachomoa flashi akatoka. Hakuniaga. Kwa mtu aliyelelewa na Mama yule, kutoka nyumba ya mtu bila kuaga ni kumwambia umekufa kwangu.

Hapo ndipo nilipomwambia mke wangu. Si yote, nilimwambia kuhusu lile neno la mwisho ambalo sikulishika, nikamtamkia kama lilivyobaki masikioni. Sitaliandika hapa. Alikuwa anamenya viazi, akasimamisha kisu.

"Nani alisema hivyo?"

"Mama Lameki. Zamani. Alikuwa ananicheka."

"Hakukucheka," akasema. "Maana yake ni msimtoe. Lakini si msimtoe hivi hivi. Ni kama kusema, huyu ni wetu, msije mkamtoa."

Nilikwenda Njombe kumtafuta mwenzetu wa besi, siku hizi anauza mbao. Nikamuuliza kuhusu siku ile. Mwanzoni hakukumbuka, halafu akakumbuka akaona aibu. Akaniambia wiki ile yeye ndiye aliyekuwa anashinikiza nitolewe kwenye bendi, kwa sababu nilikuwa siwezi kushika mapigo. Mama alikuwa amewasikia wakibishana jikoni. "Alivyoingia akatuambia mbele yako, ukiwa huelewi. Kwamba unapiga kama unafukuza nyani, sawa, lakini msimtoe. Tulicheka kwa sababu alituweza."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Yeye alisema msimtoe, na neno hilo hilo mimi nikalifuta, kisha nikamtoa yeye.

Nimejaribu kurudisha. Nilipeleka kompyuta kwa fundi Njombe, akahangaika nayo, akaniambia kilichosevwa juu kimeshakimeza kilichokuwa chini yake. Nilichimba lile shimo la taka nikapata magurudumu mawili madogo ya plastiki, yale ya ndani ya kanda, yaliyoyeyuka yakashikana. Ninayo kwenye ile ndoo. Sijui nayatunzia nini.

Lameki hakurudi Dar. Wenzake wa bendi walinipigia wakiuliza kama namwona, nikawaambia yupo. Yupo Lyamkena, nyumba ile ile. Mwenzetu wa besi ndiye anayekwenda kumtembelea, anasema gita limelala kitandani chumba cha uani na halishikwi. Anachosikiliza ni ile flashi. Si wimbo. Ni kile kipande tu, anakirudisha, anakirudisha, kama mtu anayetega sikio mlangoni.

Nilikwenda mpaka kwenye uzio wao. Alikuwa uani anaanua nguo. Alinitazama, nami nikamtazama. Yeye hakunisalimu, na mimi sikuthubutu kuanza. Ningempelekea nini? Samahani yangu haina sauti ya mama yake ndani. Nikageuza.

Naandika hapa kwa sababu najua atasoma au atasomewa. Lameki, unajua tayari. Nilitaka tu usikie mkosaji akisema kwa mdomo wake kwamba haukuwa ukungu. Sikuombi kitu.

Na ninyi wengine, mlio na kanda, simu, flashi za watu, acheni kuzisafisha. Kikohozi, acha. Sufuria inayoanguka jikoni, acha. Anayepita anasalimia, muache asalimie. Mtu akikwambia ziweke sawa, muulize sawa ipi. Na kama kwenye kanda kuna mtu anakucheka kwa lugha usiyoijua vizuri, tafuta anayeijua kabla hujakasirika. Mimi anayeijua nilikuwa naye jikoni kwangu.

Kuna jambo moja bado. Mtu wa mwisho duniani kumsikia Mama akiongea ni mimi. Si mwanawe, si dada yake aliyekaa mbele amefungua mdomo. Ni mimi, peke yangu studio, mchana, hedifoni masikioni. Aliingia kama alivyokuwa anaingia siku zote, akasema Kamwene, akanyamaza akisubiri. Sikuitikia. Nilikuwa naangalia skrini, nikatafuta mahali sauti yake inapoanzia na mahali inapoishia, nikabonyeza.